Miezi 14 na gari la umeme Dar es Salaam: nunua betri kwanza, gari baadaye

Fundi wa Kinyerezi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mada ya magari ya umeme ikiletwa tunaishia kubishana kwa video za Norway, nchi ambayo mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Mimi naishi Kinyerezi, kibarua changu kipo Posta, na huu ni mwezi wa 14 naendesha Nissan Leaf ya mwaka 2013. Nimeshatembea nalo karibu kilomita 22,000, zote ndani ya Dar hii hii ya joto, mashimo na foleni. Naweka hapa hesabu zangu zote, tamu na chungu, ili anayetaka kununua asiingie gizani kama nilivyoingia.

Kilichonivuta ni foleni. Wanaotoka mjini saa kumi na moja jioni kupitia Buguruni kwenda Tabata wananielewa. Nilikuwa na Toyota IST. Unakaa pale, injini inaunguruma, AC inapoa ukitembea na kuleta joto ukisimama, huku mshale wa mafuta unashuka na hujasogea hata mita 50. Leaf likisimama limesimama kweli. Mota haili kitu. Kinachokula ni AC, redio na taa. Mwanangu wa miaka minne hulala kiti cha nyuma toka Buguruni mpaka tunafika nyumbani, hakuna mtikisiko wala kelele. Na ukiachia mguu kwenye pedeli, gari linajivuta lenyewe na mota inageuka jenereta, inarudisha umeme kwenye betri. Kwenye dashibodi kuna vidoti vinawaka kuonyesha umeme unaorudi. Kile kinachoua gari la mafuta, yaani nenda simama, nenda simama, hili ndiyo linakipenda.

Sasa hela. Natembea wastani wa kilomita 60 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, jumla 1,560. IST yangu kwenye foleni ilikuwa inakwenda kilomita 12 kwa lita. Hizo ni lita 130. Weka petroli Sh 2,900, unapata Sh 377,000. Na wote tunakumbuka Septemba 2023 ilipovuka Sh 3,200 hapa Dar. Siku hizi Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanatangaza bei nami sina hata haja ya kuuliza.

Leaf linanipa kama kilomita 6 kwa uniti moja (kilowati-saa), uniti hii hii ya LUKU. Ukiongeza umeme unaopotea njiani wakati wa kuchaji, mwezi mzima nanunua karibu uniti 300 kwa ajili ya gari. Kwa bei ya kawaida pamoja na kodi, kama Sh 357 kwa uniti, inakuja Sh 107,000. Tofauti ni Sh 270,000 kila mwezi. Hapo sijahesabu oili, plagi, filta na mkanda wa injini, maana havipo. Ndani ya miezi 14 nimebadilisha tairi mbili, bushi za mbele na betri ndogo ambayo nitaieleza.

Mpaka hapa mtu anaweza kukimbilia bandarini. Subirini niwaeleze betri, maana ndiyo uzi wenyewe.

Gari la umeme ukilivua kila kitu, kinachobaki chenye thamani ni betri. Kwenye Leaf angalia dashibodi upande wa kulia kabisa: kuna vijiti vidogo 12 vimepangana kwa juu. Usivichanganye na vile virefu vya ndani vinavyoonyesha chaji ya leo. Vile vidogo vya pembeni vinaonyesha uzee wa betri. Kijiti cha kwanza kinadondoka betri ikibaki na kama asilimia 85 ya uwezo wake, na vinavyofuata vinadondoka kila ikipungua asilimia 6 hivi. Gari la vijiti 9 lina betri iliyobaki na kama asilimia 70 au pungufu kidogo.

Leaf za kwanza, zenye betri ya uniti 24, Japani zilitangazwa kuwa zinakwenda kilomita 200 kwa chaji moja. Wamarekani walipozipima kwa utaratibu wao wakapata 117. Shikeni hiyo 117, ndiyo iliyo karibu na maisha yetu. Halafu ipunguze kwa uzee.

Mimi aliyeniuzia hapa mjini alinionyesha vijiti 12 vyote. Gari la miaka zaidi ya kumi na betri ya kiwandani haina kasoro! Nilifurahi nikajiona nimeokota dodo chini ya mnazi. Wiki ya tatu kijiti kimoja kikadondoka. Wiki ya tano cha pili. Nikapiga simu, nikaambiwa ni joto la Dar. Baadaye nilikuja kujua kuna watu wanaifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vijiti vyote vinarudi kama gari jipya, halafu gari likitumika kompyuta inajipima upya na ukweli unajitokeza. Nilinunua betri ya vijiti 10 kwa bei ya vijiti 12. Iliniuma sana, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika haya.

Ila joto nalo ni la kweli. Betri ya Leaf kama langu haina maji ya kupoza wala feni yake, inapoa kwa upepo wa njiani tu. Magari mengi ya umeme ya kampuni nyingine yana mfumo wa maji unaozunguka kwenye betri. Langu limetengenezwa bila huo, na Dar si Hokkaido. Ndani ya miezi hii nimepoteza kijiti kimoja, sasa nipo 9. Kilomita 80 nikienda kistaarabu, 70 nikiwasha AC ya nguvu. Kwa safari yangu ya 60 unaona ninavyocheza ukingoni.

Na ukingo huo niliugusa mwezi wa nne. Mvua ilinyesha toka saa tisa mchana, barabara zikajaa maji, nikatumia saa tatu na nusu kutoka Posta. Taa zinawaka, waipa zinapiga, AC ipo kwa sababu vioo vinafunga ukungu. Kufika Segerea namba ya kilomita zilizobaki ikafutika, vikabaki vistari vitatu. Gari halikuambii tena limebakiza ngapi. Nikazima AC, nikafungua vioo mvua ikiniingia. Kwenye mlima wa kuelekea kwangu ikawaka picha ya kobe. Wakuu, yule kobe ni wa rangi ya njano, mdogo kama kucha, na maana yake ni kwamba nguvu imepunguzwa, tafuta pa kusimama. Nilipanda ule mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea, hazadi zinawaka, bodaboda wananipita wakinipigia honi. Nilifika. Tangu siku hiyo nina waya wa kuchajia ofisini na nimeongea na uongozi wa jengo nalipia uniti zangu.

Kosa lingine ni langu mwenyewe, na nikiwa fundi umeme wa majumbani nalisema kwa uchungu. Wiki ya kwanza nilichaji kwa ekstensheni ya kawaida, ile ya kuchomeka pasi na friji. Pasi unaitumia dakika 20. Gari linavuta karibu uwezo wote wa soketi kwa saa saba au nane mfululizo. Saa tisa usiku niliamka kwa harufu ya plastiki. Plagi ilikuwa imeyeyuka ikashikana na soketi, rangi ya ukuta imekuwa kahawia. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Kesho yake nilivuta waya wa milimita 4 toka kwenye breka yake peke yake, soketi ya viwandani ya ampea 16, na nikapima ethi upya. Tafadhali, kabla hujaleta gari nyumbani, leta fundi.

Mwisho ile betri ndogo. Gari lina betri kubwa ya karibu kilo 300 chini ya sakafu, imejaa, na bado siku moja Kariakoo liligoma kuwaka. Nilichanganyikiwa. Kumbe lina pia betri ya kawaida ya volti 12 inayoamsha kompyuta na kufungulia hiyo kubwa, na ilikuwa imechoka. Kijana wa Noah akanibusti, nikaenda kununua mpya kama ya gari lolote.

Je, ningenunua tena? Ndiyo, ila ningelipa hela zaidi nipate ya betri ya uniti 40. Anayetembea kilomita 10 kwa siku abaki na gari lake, hiyo tofauti ya mafuta haitarudisha gharama leo wala kesho. Asiye na pa kuegesha ndani kwake usiku naye asubiri.

Nawasilisha.

Gesi Tupu

Mkuu heshima kwako, uzi umeshiba. Ila umeruka kitu kikubwa. Mimi IST yangu nimefunga gesi. Kilo moja Sh 1,550, inanipeleka kilomita 17. Kwa kilomita zako 1,560 ni kilo 92, kama Sh 142,000. Tofauti na umeme wako ni Sh 35,000 tu kwa mwezi. Sina kobe, sina vijiti, nikitaka kwenda Morogoro naenda. Sasa kwa nini nihangaike na betri?

Fundi wa Kinyerezi

Mkuu hesabu yako ni sahihi na sina ugomvi nayo. Kwa mtu ambaye tayari ana gari zima la petroli, kufunga gesi ndiyo hatua ya kwanza ya busara, na gesi ni yetu wenyewe kutoka Songo Songo na Mnazi Bay.

Nakuomba uongeze kitu kimoja kwenye hesabu yako: muda. Umewahi kupanga foleni ya gesi Ubungo? Jirani yangu anayeendesha gari la abiria huamka saa nane usiku kwenda kupanga. Saa mbili ukizitoa kila baada ya siku moja au mbili, kwa mtu anayetafuta abiria, hizo ni hela. Vituo vinaongezeka na foleni itapungua, naamini. Mimi nachomeka nikifika, nalala, naamka limejaa. Na buti langu ni tupu, halina mtungi.

Halafu umeme wenyewe kwa sehemu ni gesi hiyo hiyo. Mtambo wa Kinyerezi II wa megawati 240 upo jirani yangu, unachoma gesi ya Kusini. Mimi na wewe tunakula sufuria moja, tumeshika vijiko tofauti.

Mama Salasala

Kaka Fundi, asante kwa kuandika kwa uwazi. Mimi napeleka watoto shule asubuhi, naenda dukani kwangu Mwenge, nawafuata mchana. Kama kilomita 45 kwa siku. Nyumbani nipo kwenye ile bei nafuu ya uniti 75. Nikichaji gari nitatolewa?

Fundi wa Kinyerezi

Dada Mama Salasala, swali lako ni zuri na wauzaji hawaligusi. Utatolewa. Ile bei ya Sh 100 kabla ya kodi ni kwa nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Gari lako peke yake litakula zaidi ya uniti 200, kwa hiyo nyumba yote inahamia bei ya kawaida, mpaka taa na friji. Kama ulikuwa unatumia uniti 60, zilizokuwa zinakugharimu kama Sh 7,300 sasa zitakuwa kama Sh 21,400. Ongeza hizo Sh 14,000 kwenye gharama ya gari. Bado kwa kilomita zako unabaki na faida nono, ila ijue kabla, isije ikawa ugomvi na wapangaji mnaotumia mita moja.

Umeme Mgao

Mnasahau haraka. Mwisho wa 2023 mpaka mwanzo wa 2024 tulikuwa gizani kwa zamu. Magari haya yangechajiwa na nini?

Fundi wa Kinyerezi

Kweli mkuu, kipindi kile nisingethubutu. Tangu mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere iwashwe mapema 2024 hali ni nyingine. Mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Treni ya SGR yenyewe inakwenda Morogoro na Dodoma kwa umeme tangu 2024, na watu wanapanda bila kuuliza itachajiwa na nini. Kinachosumbua mtaani kwetu siku hizi ni nguzo, transfoma na nyaya zilizochoka, umeme upo ila haufiki vizuri. Unakatika saa mbili tatu, unarudi. Gari likiwa limechajiwa jana, hizo saa huzisikii.

Deiwaka Mbagala

Mimi naendesha bajaji ya mtu, natoa hesabu 20,000 kila siku, mafuta juu yangu. Natembea kilomita 120 hivi, nakunywa lita tano, yaani 14,500. Tajiri anasema bajaji ya umeme ni bei mbaya. Wewe unaonaje?

Fundi wa Kinyerezi

Ndugu yangu, wewe ndiye gari la umeme lilitengenezwa kwa ajili yako kuliko mimi wa ofisini. Bajaji ya umeme ni nyepesi. Ikupe kilomita 12 tu kwa uniti, utatumia uniti 10, na kinachopotea kwenye kuchaji weka 11. Karibu Sh 4,000. Umebakisha Sh 10,500 kwa siku. Kwa siku 26 ni Sh 273,000. Mimi nimeipata faida kama hiyo kwa gari zima, wewe umeipata kwa matairi matatu.

Lakini angalia faida inaangukia wapi. Tajiri ndiye anayenunua bajaji ghali, wewe ndiye unayeokoa mafuta. Kwa hiyo yeye haoni sababu. Hapo ndipo mkataba unatakiwa kubadilika: kaeni chini, hesabu ipande kidogo, iwe 24,000 mathalani, akirudisha ile bei ya juu, nawe ubaki na 6,500 ambayo hukuwa nayo. Mkiandikishana, andikeni pia betri ikichoka ni ya nani. Hicho kipengele kikikosekana mtakuja kugombana vibaya, na atakayeumia ni dereva.

Kigali wamelitatua kwa njia nyingine. Kampuni ya Ampersand inamiliki betri, dereva wa pikipiki ana pikipiki bila betri. Chaji ikikaribia kuisha anaingia kituoni, anavua iliyokwisha, anavalishwa iliyojaa, anaondoka kwa dakika chache. Uzee wa betri si mzigo wake. Nairobi nao BasiGo wanampa mwenye matatu basi la umeme na kumtoza kwa kila kilomita anayotembea, betri na kuchaji vikiwa humo humo. Ukitazama zote mbili ni wazo moja: mwondoe mnyonge kwenye hatari ya betri, mwachie biashara ya kubeba watu.

Babu Gerezani

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nimefungua injini tangu miaka ya themanini. Mnasema hakuna oili, hakuna plagi, hakuna mkanda. Sawa. Na sisi wa Gerezani na Ilala tunakula nini? Na hao vijana wangu watano?

Fundi wa Kinyerezi

Shikamoo mzee wangu.

Sitakudanganya, ile kazi ya injini itapungua. Haitaisha leo, magari ya petroli yaliyopo Dar yatatembea miaka 20 mingine. Ila nilipopata tatizo la betri nilizunguka mji mzima. Mafundi wanne waliliangalia Leaf wakakataa hata kufungua boneti. Wa tano alitaka kukata waya wa rangi ya chungwa ili "apime moto". Mzee, nyaya za rangi ya chungwa kwenye magari haya zina volti zaidi ya 300 za betri. Zinaua. Kuna kiunganishi maalumu cha kukata mzunguko ambacho lazima kichomolewe kwanza, na usubiri dakika kadhaa umeme uliobaki kwenye inveta, kile kifaa kinacholisha mota, uishe, tena uwe na glavu za kazi hiyo.

Humo ndani betri ya Leaf kama langu ni mafurushi madogo 48 yaliyopangwa. Mara nyingi yanayoua gari ni mawili au matatu tu yaliyochoka mapema. Kijana mwenye mita nzuri, glavu na utulivu anaweza kuyapata hayo, akayatoa, akaweka mazima kutoka kwenye betri ya gari la ajali. Mwenye gari anakwepa kununua betri nzima. Leo mtu wa hivyo hapa mjini ni wa kutafuta kwa tochi. Vijana wako watano wana mikono tayari, wanachokosa ni hii elimu ya umeme mkubwa. Nipo tayari kuja Gerezani Jumamosi yoyote, nije na Leaf langu, tulifungue kuanzia boneti. Sitaki malipo.

Babu Gerezani

Marahaba. Njoo Jumamosi baada ya saa nne. Waya wa chungwa hatutaugusa mpaka ufike.

Kijana wa Kontena

Mkuu, mimi naangalia upande wa biashara. Nataka kuleta magari ya umeme mapya ya China badala ya kununua mitumba ya Japani. Kwa nini Wachina wameshusha bei hivi, na ni salama kwa mtu wa mtaji mdogo?

Fundi wa Kinyerezi

Anza na historia utaelewa bei. BYD, kampuni ya magari ya China, aliianzisha Wang Chuanfu mwaka 1995 pale Shenzhen, na hakuanza na magari. Alianza na betri za kuchaji, zikaja kuingia kwenye simu. Magari aliyaingia 2003, na Machi 2022 wakaacha kabisa kutengeneza gari linalotumia petroli peke yake. Tesla wao ilianza 2003 ikiwa kampuni ya gari, betri ikinunua kwa wengine. Mwaka 2024 Tesla iliuza magari ya umeme kama milioni 1.79 na BYD milioni 1.76 ya umeme mtupu, bila kuhesabu yale ya kuchanganya na mafuta. Mwenye betri yake mwenyewe anapanga bei, kama mwenye kisima anavyopanga bei ya ndoo.

Na betri zenyewe zimeshuka kweli. BloombergNEF, wanaofuatilia bei hizi kila mwaka, wanaonyesha uniti moja ya uwezo ilikuwa zaidi ya dola 1,000 mwaka 2010, na mwaka 2024 ilikuwa karibu dola 115.

Ukileta, uliza aina ya betri kabla ya rangi ya gari. Kuna zinazotumia nikeli na kobalti, ni nyepesi na zinabeba umeme mwingi. Kuna zinazotumia chuma na fosfeti, nzito kidogo, lakini nafuu, zinavumilia joto na zinachajiwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka. BYD za umeme zinatumia hizi za chuma, ile waliyoiita Blade iliyotoka 2020. Kwa jua letu mimi ningeleta za chuma na zenye kupozwa kwa maji, basi.

Hatari yako kubwa ni programu na vipuri. Gari la soko la ndani la China linakuja na skrini ya Kichina, kichwa cha chaja cha Kichina, na kampuni iliyolitengeneza haikutambui. Mteja wako akivunja taa ya mbele Mikocheni, ataingoja miezi. Ukianza, leta magari mawili ya aina moja, la pili livuliwe vipuri ikibidi. Na pitia kikokotoo cha TRA kwa modeli husika kabla hujatuma hata senti. Usisahau mitumba ikizidi miaka minane inaongezewa ushuru wa uchakavu.

Kuna jambo moja linanigusa moyo nalo nitalisema. Upande mmoja wa kila betri hizi ni kinywe, yale madini ya grafiti. Kinywe hicho kipo Mahenge kule Ulanga, kipo Ruangwa. Nikeli ipo Kabanga, Ngara. Gari moja linabeba makumi ya kilo za kinywe. Tukikichimba tukakipakia kwenye magunia kwenda nje, kitarudi bandarini kikiwa chini ya sakafu ya gari lako, na utakilipia ushuru. Natamani kuona kiwanda cha kusafisha kinywe mpaka daraja la betri hapa hapa, kabla hatujaanza kushangilia magari ya kuagiza.

Gesi Tupu

Hapo kwenye kinywe nimekuelewa mkuu. Ethiopia wao mwaka 2024 walipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli. Unaona Dar tufike huko?

Fundi wa Kinyerezi

Hapana mkuu, si sasa. Ethiopia wana umeme mwingi wa maji na dola za mafuta zilikuwa zinawakauka, walikuwa na sababu yao. Sisi tuna gesi yetu, acha iendelee kufungwa kwenye magari. Mimi ningeanza na bajaji na mabasi ya mwendokasi, yanayorudi kituo kile kile kila usiku. Gari langu mimi linaweza kusubiri.

Mama Salasala

Kaka Fundi, narudi. Jana nimekwenda kwenye yadi kuangalia Leaf mbili. Ya kwanza vijiti 8, muuzaji ananiambia "hivyo ni vya mafuta, vitapanda ukichaji". Nimemuacha hapo hapo. Ya pili ni ya 2018, betri ya uniti 40, vijiti 11. Nimekumbuka yako ya 12 feki nikaogopa. Nifanyeje?

Fundi wa Kinyerezi

Umefanya vizuri kumwacha huyo wa kwanza, dada.

Hiyo ya pili usiitazame vijiti tu. Mwambie alichaji mpaka lijae usiku, wewe ukifika saa mbili asubuhi uone asilimia 100 kwa macho yako. Njoo na mtu mwenye kifaa cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya LeafSpy kwenye simu, asome uzima wa betri na atazame kama hayo mafurushi yanalingana volti. Yakilingana ni dalili njema, moja likiwa chini sana kuliko mengine ondoka. Lakini kompyuta inaweza kudanganywa, barabara haidanganywi. Kwa hiyo endesha. Toka yadi, nenda Bunju, rudi mpaka Mwenge, AC imewashwa, watu wawili ndani. Piga picha kilomita na asilimia mwanzo, piga tena ukifika kilomita 40. Gari hilo likiwa zima litakuwa limekula kama asilimia 20 mpaka 23. Likila 30, bei hiyo si yake.

Akikukatalia kulipeleka kilomita 40, umeshapata jibu lako. Ukishapima nitumie zile picha mbili, nitakaa nazo nipige hesabu kabla hujalipa.

Mama Salasala

Amekubali. Jumanne saa mbili. Namchukua mdogo wangu awe ndiye mtu wa pili ndani.